Kapsuli Ambazo Sikumpa Zakaria

Sista Matilda tumemzika Chanika mwezi uliopita. Hakuwa mtawa, alikuwa muuguzi, na enzi zetu muuguzi wa kike aliitwa sista hata akiwa na wajukuu. Baada ya kutoka makaburini tulirudi nyumbani kwake tukala wali na maharage kwenye sahani za kukodi, na kiongozi wa jumuiya yao akasimama kuuliza kama yupo aliyefanya kazi na marehemu mwenye neno la kusema. Watu wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyemjua siku nyingi kuliko wengine pale. Nilisimama, nikasema alikuwa mtu wa haki, nikaketi. Kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Babu kaishiwa maneno." Hayakuniishia. Nilishikwa na hofu ileile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka ishirini na tisa, kwamba nikifungua mdomo zaidi yatatoka yote. Yule mama ndiye mtu pekee aliyejua nilichomfanyia Zakaria, na kwa miaka yote hiyo hakumwambia mtu. Sasa najua mimi tu. Nimeona niandike kabla ya zamu yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, zama za ruksa, serikali ilipowaruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati. Sista Matilda alikodi vyumba vitatu vya mbele kwenye nyumba moja Tandika, akavipaka rangi ya kijani nusu ya chini na maziwa nusu ya juu, kama hospitali za zamani, na akaniajiri nikae kwenye dirisha la dawa. Sikuwa nimesomea dawa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya kemia na mwandiko unaosomeka, na wakati ule hiyo ilitosha. Miaka michache kabla ya hapo mgonjwa alikuwa anaandikiwa dawa na kuambiwa haipo. Sasa mawakala walikuja kila wiki na maboksi ya kung'aa yenye picha za watu wanaocheka, na mimi niliyapanga kwenye rafu kwa fahari kana kwamba niliyatengeneza mwenyewe. Kila aliyepokea dawa dirishani kwangu nilimpa na nasaha. "Hiyo kali, mama, usiinywe hivihivi. Shushia na maziwa. Au tafuna kwanza magnesiamu, hii ya kiungulia, tumbo lilainike." Hakuna aliyenifundisha. Ndivyo nyumba zote zilivyoamini, kwamba dawa kali lazima iwekewe kitu laini chini yake, kama mzigo unavyowekewa kata kichwani. Nilizirudia nasaha hizo mara nyingi hadi nikaziona ni taaluma.

Nilipanga chumba kimoja na Zakaria, fundi redio, nyumbani kwa Bi Mwanaidi, mitaa michache kutoka kwenye zahanati. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza yake iliyojaa matumbo ya redio, na harufu ya risasi ya kuchomelea ambayo mpaka leo nikiisikia mahali lazima nigeuke. Zakaria alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mtu wa maneno mengi. Mteja akilalamika redio yake inakoroma, alimwambia, "Basi iache ilale, mzee, inaonekana imechoka na wewe." Bi Mwanaidi, mjane wa Kizaramo mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa tatu, alijifanya kukasirishwa naye, lakini sahani ya Ijumaa aliyotuletea ilikuwa na nyama nyingi upande wa Zakaria.

Ijumaa moja alituletea pilau, tukaketi mkekani na sahani katikati yetu. Zakaria akachukua tonge, akalitia mdomoni, akatulia. Nikaona machozi yanamtoka. Nikadhani pilipili, nikacheka. Naye akataka kucheka, akafungua mdomo, na ndipo nilipouona ulimi wake. Ulikuwa mweupe. Haukuwa na weupe wa mtu aliyekunywa maziwa. Ulikuwa na utando mzito, kama ukoko wa uji, uliopanda mashavuni ndani na kushuka kooni nisikoweza kuona. "Maulidi," akaniambia kwa taabu, "tangu Jumatatu hata mate yananiuma." Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya sahani. Niliutoa. Nasema ukweli, jambo la kwanza nililofikiri halikuwa maumivu yake. Nilifikiri juu ya kikombe chetu, wembe wetu, na tonge alilokuwa ameligusa kabla yangu.

Nilikuwa nimewaona wengi dirishani wenye utando ule, na nilikuwa nimejua walikoishia. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Tulisema "ugonjwa huu wa siku hizi", tukashusha sauti. Tangu siku ile nilianza kuficha mswaki wangu ndani ya begi. Nilinunua kikombe changu nikakitia alama ya rangi ya kucha chini, na kila asubuhi, Zakaria akiwa ameelekea chooni, nilichukua kipande chake cha kioo nikatoa ulimi na kuukagua. Bombani wanawake walisema bila kujua kwamba nawasikia. "Yule mkaka wa redio mmemwona? Mdomo kama kalamba unga." Mwingine akajibu, "Unga gani, shoga, unga huo haufutiki." Wakacheka kidogo, kisha wakainamia ndoo zao, maana kila mmoja wao alikuwa na mtu wake nyumbani. Bi Mwanaidi peke yake hakubadilika. Alimsagia mchele akampikia uji mwepesi, akamnywesha kwa kijiko, na kijiko hichohicho akaonjea yeye kama umepoa.

Sista Matilda alimpima, akasema ni fangasi, imeshuka hadi kwenye umio, njia ya chakula, na akampa vidonge vya ketokonazoli. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea kila siku mchana, nikamwambia yaleyale ya dirishani: kwanza tafuna magnesiamu, kisha kidonge, kisha maziwa. Siku kumi zikapita utando uko palepale. Mwili wake ukaanza kuisha. Barua ikaja kutoka Mbinga, ameandikiwa na mama yake kwa mkono wa mwalimu wa kijijini, kwamba amesikia anaumwa na anataka kumwona. Zakaria alinitaka niisome mara mbili. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililokuwa moyoni mwake mwaka ule wote. "Kaka yangu alirudishwa amebebwa kama gunia, Maulidi. Mama alimpokea mlangoni hivyo. Mie sitaki anione hivyo. Nipate kula wiki mbili tatu tu, nipate miguu, nishuke kwenye gari niende mpaka uani kwake mwenyewe. Baada ya hapo liwe litakalokuwa." Hakuomba kupona. Aliomba koo lifunguke ili apate miguu ya kufika kwa mama yake.

Nilimweleza Sista. Akafikiri, akaenda kwenye kabati lake, akarudi na chupa ndogo ya kapsuli aliyoletewa na daktari mmoja aliyefanya naye kazi zamani. Akanikalisha. "Sikiliza. Kidonge kile hakiyeyuki mpaka kikute tumbo lenye uchachu. Wagonjwa hawa matumbo yao mara nyingi yamepoteza uchachu, kidonge kinaingia na kutoka kama kokoto. Hizi ni amino asidi, aina ya kitu kilichomo kwenye nyama na maharage, lakini imeunganishwa na asidi. Zinalirudishia tumbo ukali wake. Mpe kapsuli kwanza, ngoja robo saa, ndipo kidonge, kwa maji matupu. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Hapo ndipo nilipopaswa kumweleza habari ya magnesiamu na maziwa, maana nilihisi kuna kitu hakikai sawa. Lakini wagonjwa walikuwa wamejaa benchi, na mimi niliona aibu kuonekana sijui kazi niliyokuwa nikiifanya miezi minane. Nikachukua chupa nikarudi dirishani.

Palepale nikasoma kibandiko. Niliona neno la glutamiki, sikulijua. Karibu yake niliona haidrokloridi, na hilo nililijua, au nilidhani nalijua. Shuleni, kidato cha tatu, tone la asidi ya haidrokloriki lilinidondokea kwenye shati la sare, na kufikia Jumamosi nilipolifua palikuwa na tundu la kupitisha kidole. Nikaliona koo la Zakaria, nyama mbichi chini ya ule utando, na mimi nikimmiminia kitu kilichotoboa shati. Mtu asiyesoma kabisa angempa kama alivyoagizwa. Mfamasia angempa kwa sababu anajua. Mimi nilikuwa nimesoma kiasi cha kuogopa tu.

Na kwenye rafu, mbele ya macho yangu, palikuwa na dawa ya maji ya kuongeza nguvu, chupa kubwa yenye picha ya mwanamume mwenye misuli, na ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina amino asidi. Nyingi, zimeorodheshwa. Na ilikuwa tamu; watoto waliililia. Nikajiambia kwamba amino asidi ni amino asidi. Kama kinachotakiwa ni hicho, kuna haja gani ya kumchoma mgonjwa? Chupa ya kapsuli nikaiweka ndani ya droo, nyuma kabisa. Mchana nikaenda nyumbani na ile ya maji. "Sista kakupa dawa ya kukitia nguvu kidonge," nilimwambia. Zakaria akalamba kijiko, uso ukamlainika. "Ah, hii sasa dawa. Ungeniletea hii tangu mwanzo, bwana, mie ningekuwa nishaoa." Nikamtafunisha magnesiamu, nikampa kidonge, nikamshushia na maziwa. Nilihisi nimemtendea wema.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda wiki tatu na zaidi. Kila siku nilimwangalia mdomoni kwa tochi, na kila siku nilisema, "Naona inapungua." Haikupungua. Mbavu zake zilianza kuhesabika chini ya fulana. Aliacha kukaa kwenye meza yake kwa sababu mkono ulitetemeka, chuma cha kuchomelea kikamwangukia pajani. Wateja waliokuja kuchukua redio walisimama nje ya mlango, wakanyoosha mkono tu. Aliendelea kutania lakini kwa maneno mafupi, mafupi, kwa kuwa kila neno lilipita kwenye kidonda. Mara mbili nilifungua droo nikaitazama ile chupa. Mara ya pili niliitoa kabisa. Kufikia hapo hofu yangu ilikuwa imekuwa mbili: kwamba kapsuli zitamwua, na kwamba zitamponya. Maana zikimponya, siku zote zile nilizompa sharubati zitakuwa hatia yangu. Niliirudisha chupa ndani ya droo. Kosa la siku ya kwanza naweza kulieleza kwa ujinga. Hili la kuirudisha chupa sina la kulieleza.

Aliyeikuta ni Sista Matilda mwenyewe, saa nne ya asubuhi, akitafuta mkasi. Nilisikia droo ikivutwa. Akaja dirishani na chupa mkononi, akafunga pazia la dirisha ingawa palikuwa na mama amesimama na kadi ya mtoto. Akafungua kifuniko. Pamba ya kiwandani ilikuwa bado imekaa juu ya kapsuli, haijaguswa.

"Maulidi, unampa nini Zakaria?"

Nikamwonyesha chupa ya mwanamume mwenye misuli. Akaisoma taratibu, mbele na nyuma.

"Na kidonge unamshushia na nini?"

"Maziwa, Sista. Na magnesiamu."

Akakaa kwenye kiti changu. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi kama angenipiga. "Uliogopa nini?"

"Asidi, Sista. Koo lake ni kidonda tupu. Nilisoma haidrokloridi, nikaona itamtoboa."

"Ukaniuliza?"

"Hapana."

"Miye niko mlango wa pili, Maulidi. Mlango wa pili!" Ndio mara pekee nilipomsikia akipandisha sauti kazini. Kisha akachukua kapsuli, akaifungua katikati, akaumwaga unga wake wote ulimini, akaufunga mdomo. Uso ulimkunjamana kama mtu aliyetafuna ukwaju mbichi. Baada ya muda akaufungua mdomo wazi, karibu na uso wangu. "Haya, angalia wewe mwanakemia. Kuna tundu?"

Hapakuwa na tundu. Palikuwa na ulimi mwekundu wa mama wa miaka hamsini na kitu, mzima.

Akanieleza basi, kwa sauti ya chini iliyoniumiza kuliko kelele, kwamba ile magnesiamu na yale maziwa vilikuwa vinamaliza hata uchachu mdogo aliobaki nao yule mtu, na kwamba sharubati ile haikuwa na ukali wowote. Ningempa soda ya chupa, kwa uchachu wake, ingemfaa zaidi. "Umemlisha vidonge mwezi mzima," akasema, "na hakuna hata kimoja alichokinywa." Alikwenda nami nyumbani mchana ule, akatoa kapsuli kwa mkono wake, akaketi robo saa kwenye kitanda changu akiongea na Bi Mwanaidi habari za bei ya mchele, kisha akampa kidonge na maji. Zakaria akauliza, "Na ile tamu?" Sista akanitazama mimi. Nikasema, "Imekwisha. Hii ni ileile, wameitia kwenye kapsuli." Lilinitoka hivyo, bila kufikiri. Tulipokuwa tunarudi kazini alisimama katikati ya njia, karibu na wauza mitumba, akaniambia, "Mimi sitamwambia. Si kwamba nakuficha. Utamwambia wewe mwenyewe, na usichelewe." Nikasema ndiyo, Sista.

Siku ya tano utando ulianza kubanduka. Siku ya nane alikula wali. Bi Mwanaidi alipika samaki wa nazi, akamchambulia miiba, na nyumba nzima ikaja kusimama mlangoni kumtazama mtu anameza. Alimeza, akatikisa kichwa, akasema, "Chumvi kidogo, Bi mkubwa," na yule mama akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akimtukana, "Mshenzi wewe, siku arobaini hujala unanitolea kasoro!" Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa uani. Nilikuwa na furaha, na ndani ya furaha nilikuwa nimegandwa na hofu, kwa sababu nilikuwa nimeiona miguu yake alipojaribu kusimama kwenda kunawa. Ilikuwa kama ya mtoto. Alisimama, akashika mlango, akaketi tena. "Itarudi," akasema. Kila siku alikula, na kila siku alijaribu. Haikurudi. Ugonjwa wenyewe, ule tusioutaja, haukuwa umemngojea wakati mimi namlambisha sharubati. Ulimchukua nyama ambazo zile wiki tatu za chakula zingemwekea akiba, na homa mpya zikaanza.

Mjukuu wangu Rukia anasomea ufamasia. Mwaka jana, tukinywa chai, alikuwa ananieleza masomo yake kama anavyopenda, akasema kwamba fangasi siku hizi zinazizoea dawa, na kwamba wapo wanaojaribu kuchanganya dawa hizo na amino asidi ili kuziongezea nguvu. "Amino asidi fulani tu lakini, babu, si yoyote ile. Ukikosea aina hupati kitu." Nilimwambia najisikia vibaya, nikaenda kulala na viatu. Hakujua, na simlaumu. Ila nilitaka kumwambia kwamba zipo namna nyingi za kukosea, na kwamba kukosea aina ndiyo ndogo.

Nilikuwa na siku kumi na saba za kumwambia Zakaria. Nilikuwa naye chumba kimoja. Kila asubuhi nilijipangia mchana, na mchana nikajipangia kwamba kwanza apate nguvu, habari isimvunje moyo. Sista hakuniuliza tena. Alinitazama tu ninapoingia kazini, nami nilitazama chini, naye akaendelea na shughuli zake.

Mdogo wake alikuja kutoka Mbinga kumchukua. Teksi ilisimama mtaani asubuhi jua likiwa limeshachomoza vizuri, ili wawahi gari la Songea. Zakaria alikuwa amevaa suruali yake ya kitambaa, imekazwa kiunoni kwa waya wa redio. Aliomba aende mwenyewe mpaka kwenye teksi. Alipiga hatua nne kutoka mlangoni, mdogo wake akamshika kabla hajaanguka, akageuka, akambeba mgongoni. Watu wote walikuwa nje: Bi Mwanaidi na kikapu cha maandazi, wale wanawake wa bombani, Sista Matilda na koti lake jeupe, maana alifunga zahanati kwa saa moja aje kumuaga. Nilijua anafikiria nini pale mgongoni, na nilijua kwamba mle mtaani ni mimi na Sista tu tuliojua kwa nini hana miguu.

Akamwambia mdogo wake asimame. Akanigeukia, kidevu juu ya bega la yule kijana. Sauti yake ilikuwa safi, imerudi kama ya zamani. "Jamani, huyu Maulidi mnamwona? Huyu ndiye aliyenifungua koo. Kila siku, kijiko kwa kijiko, ile dawa yake tamu. Ndugu yangu wa damu asingeweza. Mwenyezi Mungu akulipe, Maulidi, kwa kila ulichonifanyia."

Bi Mwanaidi akajifuta macho kwa upande wa kanga. Watu wakanitazama kwa upole. Sista Matilda naye akanitazama, mikono mifukoni, akangoja. Alinipa muda. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa.

Nikasema, "Amina."